Moja Bado, Mbili Imekuja

Wasomaji wangu wa kila wiki mnisamehe, leo sina utani. Jumanne asubuhi mama alinipigia simu kutoka nyumbani Rombo, juu kidogo ya Mkuu, kuniambia kwamba fundi wetu wa antena amekufa. Amepigwa na umeme jana yake kwa jirani, akiwa juu ya ngazi, mchana kweupe, watu wanamwona. "Walimwita, mwanangu," mama alisema. "Walimwita mpaka sauti zikawakauka, wala hakugeuka. Sijui shetani gani alimziba masikio." Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mimi nilijua nini kilichomziba masikio. Nilikuwa nakijua kwa miaka minne.

Kwetu ni nyuma ya mlima. Mawimbi ya televisheni yanayotoka upande wa Moshi yanagota kwenye mlima huo mnaoupenda kwenye kalenda, na ya Kenya yanatufikia yakijisikia. Soko huria lilipofunguka, televisheni ziliingia kupitia Holili, zikapanda mpaka kwenye nyumba ambazo jana tu zilikuwa na redio ya mkulima. Picha sasa ndiyo ikawa shida. Ukiwasha, chenga tupu. Fundi huyu alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha mbao kilichouzwa, akarudi nyumbani na mikono yake, akachomelea ngazi ya chuma, akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiinua antena juu ya migomba. Mafundi wengine hupiga kelele kutoka juu ya bati, "Imekuja?", na wa ndani hujibu kwa kelele. Yeye hapana. Aliegemeza ngazi karibu na dirisha la sebuleni, akampa mwenye nyumba mchi wa kinu. "Mama, usiniite," alimwambia mama yangu siku ya kwanza. "Toa mkono dirishani ugonge ngazi. Moja, bado. Mbili, imekuja." Mama akamuuliza, na ikija halafu ikaondoka? "Gonga mpaka nikuonee huruma." Mama alicheka siku nzima. Kijijini walimbandika jina la Padre kwa ajili ya zile kengele zake, na kila mtu aliamini ni mbwembwe tu za fundi anayejua kazi.

Mimi niligundua wakati wa Krismasi, miaka minne iliyopita, tuliporudi nyumbani kama ada. Picha ilikuwa imeharibika, fundi akaitwa, nami nikamshikia ngazi. Kutoka chini niliona kiota cha nyigu kwenye mbao za paa, karibu kabisa na mkono wake. Nikamwambia. Nikarudia. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka zizini, na yeye taratibu akapeleka mkono palepale. Alishuka vidole vimevimba. Nikamfokea kwamba nimemwita mara tatu. Alinitazama mdomoni, si machoni, kisha akanishika bega. "Mangi, twende huku kwenye migomba." Huko akaniambia polepole. "Ile mashine ya mbao imekula masikio yangu, yote mawili. Ukisimama mbele yangu nakusoma mdomoni. Ukiwa nyuma, wewe na mgomba ni sawa. Mchi nausikia kwa miguu." Nikamuuliza kwa nini hasemi. "Niseme ili nani anipandishe kwenye bati lake? Aisee, usimwambie mtu. Hata mama." Nikampa mkono, nikaahidi. Na niseme kweli, nilirudi mjini najiona muungwana.

Uungwana gani? Mimi ambaye kila wiki nasema humu mambo yasiyonihusu, jambo moja lililonihusu nililikalia. Tuliambiwa zama zimebadilika, kila mtu ajitegemee, na tukaitikia. Hatukuambiwa kwamba mtu anayejitegemea hana ruhusa ya kuwa na kasoro. Kasoro yake anaificha kama muuza nyanya anavyoweka mbovu chini ya fungu. Kule kiwandani angalau alikuwepo msimamizi wa kumvuta shati. Juu ya bati letu alikuwa peke yake, na sisi macho yetu yote yalikuwa kwenye kioo sebuleni. Mara ngapi nimeuliza picha kama imekuja, na sikuuliza fundi kama ameshuka?

Tulimzika Alhamisi kwenye kihamba chake, kati ya migomba ya nyumbani kwao. Mama wa nyumba alikofia fundi alikuwepo, amejifunga kanga kiunoni, hasaidii kitu wala halii. Alitusimulia huku anatazama chini. Aligonga mara mbili, picha ilikuwa imekuja safi, akarudisha mchi jikoni. Fundi akabaki juu kung'oa bomba la antena ya zamani, na bomba likaanza kulalia upande wa waya za umeme. Ndipo wakaanza kumwita. "Sasa mbona hamkugonga ngazi?" mama yangu akamuuliza, bila ubaya wowote. Yule mama akasema, "Picha si ilishakuja? Ningegonga ya nini?" Kisha akanigeukia mimi, msomi wa kijiji. "Baba, sauti yangu ni ndogo kiasi hicho? Au alinidharau?" Nilikuwa na udongo wa kaburi mikononi. Nimepanga maneno kwenye gazeti hili miaka yote, na pale sikupata hata moja. Tangu siku hiyo silali. Naambiwa yule mama naye halali.

Siri ya namna hii haitunzwi, ndugu zangu. Ukijua jambo linaloweza kumuua mtu, liseme, hata akikuchukia na kukosa kazi kwa sababu yako. Afadhali angenichukia, akawa anapita mbele ya nyumba yetu na ngazi yake bila kunisalimu. Yule mama hasomi magazeti, kwa hiyo kuandika hapa hakunisaidii kitu. Jumamosi napanda Rombo. Nitasimama mbele yake na kumwambia kwamba sauti yake haikuwa ndogo, wala hakuna aliyemdharau. Fundi alikuwa hasikii, na mimi nilijua.