Winchi Isiyojua Kukataa

Kulabu ya winchi ya kunyanyulia nyama ilimwingia Bakari chini ya kwapa na kumnyanyua mpaka miguu yake ikaning'inia juu ya vichwa vya wenzake. Umeme wa winchi ulipokatwa alianguka kwenye saruji, mkono wa kulia ukiwa umeshikiliwa na ngozi tu. Damu yake ikaingia mfereji uleule wa damu ya ng'ombe.

Wawili walimkimbiza hospitali; wachinjaji wengine hawakuuliza. Waliacha visu mezani, wakachukua fimbo za kuswagia ng'ombe, wakamwendea Farhan, anayeendesha winchi kwa kompyuta. Asubuhi ile alikuwa ametukanana na Bakari mbele ya watu, kwa hiyo hukumu ilikwisha kutoka. Fimbo ya kwanza ilimvunja pua, nyingine ikampasua jicho. Alikuwa akirudia kwamba yeye aliandika amri ya kushusha.

"Na wewe tutakushusha," Khalfani, kaka yake Bakari, akamwambia. "Kaburini."

Hapo Tusajigwe, fundi wa kompyuta, akatoka stoo mbio, akajitupa juu ya Farhan. Fimbo iliyokuwa njiani ilimpata begani. Wakamwambia ampishe hawara wake afe.

Binti huyu wa mwalimu kutoka Rungwe alikulia Vingunguti. Alisomea kompyuta chuoni, kisha akarudi kuajiriwa kwenye machinjio madogo ya mtu binafsi, mtaani kwao. Programu ya winchi aliikuta. Mwendeshaji huandika amri kwenye skrini: kupandisha au kushusha, na kasi ya namba fulani. Lakini vidole vyenye mafuta huteleza, basi waendeshaji wote huita amri iliyopita kwa kitufe cha mshale na kubandika neno jipya mwishoni. Programu ilifuata neno la mwisho, nao wakaizoea.

Tusajigwe aliuogopa mtindo huo. Akaandika upya sehemu ya kusoma amri kwa Haskell, lugha ya programu inayomlazimisha mwandishi aseme wazi kila kinachoweza kutokea. Programu yake husoma mstari wote kwanza. Ikiisha, inatoa kimojawapo: amri kamili, au sababu ya kukataa. Kabla ya hapo, winchi haiguswi. Meneja, Benedikto, aliijaribu asubuhi moja, ikakataa amri za wavivu, kazi ikachelewa.

"Mie sitaki mashine yenye mdomo," akasema, akairudisha ile ya zamani.

Sasa Tusajigwe alikuwa ametapakaa damu ya Farhan. "Kaka Khalfani, nitapigwa baadaye," akasema. "Kwanza tundika paja la ng'ombe pale kwenye kulabu."

Khalfani alilitundika, labda kwa kutaka tu kumwona akiumbuka. Mstari wa Farhan ulikuwa bado kwenye skrini. Alikuwa ameita amri ya kupandisha, akafuta namba ya kasi ili aibadilishe, ndipo akapigiwa kelele ashushe. Akabandika kushusha mwishoni, akaisahau ile namba. Tusajigwe hakubadilisha hata herufi. Akawaamuru wasogee, akarudisha umeme wa winchi, akabonyeza.

Programu ya zamani ililichukua neno la kushusha kana kwamba ndiyo namba ya kasi. Haikulielewa, haikuuliza, ikajipangia kasi ya juu kabisa, na amri iliyobaki ikawa kupandisha. Paja liliruka, likagonga boriti, mfupa ukapasuka na vipande vikawarukia usoni.

Akaweka programu yake, akabonyeza mstari uleule. Mnyororo haukutikisika. Skrini ikaandika: *Kasi inahitaji namba. Sijagusa winchi.*

Khalfani aliyasoma maneno hayo, akauliza taratibu ni nani aliyeikataa hii. Benedikto alikuwa ameshafika mlangoni akitoroka. Walimwangusha palepale, fimbo zikamvunja taya. Tusajigwe akaingia katikati tena, kwa bega lile moja lililobaki zima, akawauliza kama wakimwua mkono wa Bakari utaota.

Mkono ulikatwa hospitali. Jicho la Farhan nalo halikupona. Mtu mmoja aligomea mashine yenye mdomo, na wanne wakavunjwa miili, yeye mwenyewe akiwemo. Mimi nakataa kuiita hiyo ajali.

Farhan yuko kwenye winchi mpaka leo, kwa jicho moja.

"Imenigomea tena, sista," hulalamika, akipangusa mafuta vidoleni.

"Vizuri," Tusajigwe humjibu. "Andika upya."