Hodi ya Mama

Mama yangu alikuwa akinitambua kwa miguu. Nikishuka kwenye hiace pale Mchinga na kuingia uani, anasema, "Huyo anayeburuza kandambili ni binti yangu," kabla sijafungua kinywa. Majirani wanacheka, nami nacheka nao, lakini moyoni naumia. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamziba jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Nazi alikuna kwa kupapasa.

Mimi nafanya kazi Kilwa Masoko, kwenye ofisi ndogo inayopanga safari za madaktari wa macho. Madaktari hao huja Lindi kwa nadra, wanapasua watu, wanaondoka. Anayetaka kupasuliwa anatuma ujumbe kwa simu, ujumbe unaingia kwenye mashine yetu, na mashine inatakiwa imwandike jina, kijiji na jicho lenyewe, kisha impe nafasi. Programu imeandikwa kwa Java, lugha mojawapo ya kompyuta. Sikuizaa mimi, niliikuta, ila kuilea nimeachiwa mimi.

Na ilikuwa na vituko, jamani! Asubuhi inakimbia vizuri. Ikifika adhuhuri inaanza kukokota, mara inaganda kabisa, mtu anaandika na hajibiwi. Tunaizima, tunaiwasha, kesho yake yale yale. Mwenzangu wa ofisini akasema tuongeze memori. Tukaongeza, ikajaa. Akasema tuongeze tena. "Kaka," nikamwambia, "wewe ukivimbiwa unaongezewa ubwabwa?" Alininunia siku nzima.

Kilichonitia wazimu ni hiki. Java ina mfagizi wake humo ndani. Kitu kisichohitajiwa tena, mfagizi anakizoa, nafasi inapatikana. Memori ikikaribia kujaa, anasimamisha kazi zote ili afagie. Huyu wetu alikuwa anasimamisha, anafagia, hapati taka hata punje, anasimamisha tena. Maana yake humo ndani kulikuwa na vitu tele ambavyo ameambiwa asiviguse, vina wenyewe. Vitu gani sasa? Nilikodolea kioo cha kompyuta mpaka macho yakaniwasha, sikuelewa.

Ningeweza kumwandikisha mama mwenyewe, mara moja, yakaisha. Alikataa katakata. "Uniandike wewe, watu waseme nini? Kapata kwa sababu mwanawe yuko ofisini! Nitaandika kwa mkono wangu, maadamu hili jicho moja bado linaona." Basi nikamkuzia herufi za simu zikawa kubwa ajabu, nikamwachia. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na lile jicho la kushoto lisingengoja safari nyingine ya madaktari. Hilo nililijua, na yeye alilijua.

Jumamosi nikaenda Mchinga. Shikamoo, marahaba, na hata sijakaa nikauliza.

"Mama, umeandika?"

"Nimeandika."

"Wamesemaje?"

"Hawakuitikia." Akaendelea kukuna nazi yake. "Nikapiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikaondoka zangu."

"Umeondokaje tena, mama?"

"We mtoto, nani kakulea? Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka. Mwenye nyumba ana udhuru wake. Ulitaka nichungulie dirishani?"

Nikachukua simu yake. Hodi. Hodi. Hodi. Jina hakuna, kijiji hakuna, jicho hakuna. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mama naye akacheka kwa sababu tu mimi nacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kama mama yangu kapiga hodi, ni nani mwingine huko vijijini aliyepiga hodi?

Jumatatu, hata chai sijanywa, nikazifungua zile meseji zilizokwama. Hodi. Hodi wenyewe. Assalaam alaykum, hodi hapo. Za Nangurukuru, za pwani, za huko bara kwenye mikorosho. Programu, kila ikipigiwa hodi, ilifungua chumba humo kwenye memori na kukaa ikingoja mgeni aeleze shida yake. Aliyeiandika hakuwaza kwamba mgeni hawezi kueleza shida akiwa nje, sharti aambiwe karibu. Mgeni kwa adabu zake akaondoka. Chumba kikabaki wazi, kina mwenyewe, mfagizi haruhusiwi. Hodi ya pili, chumba kingine. Mashine yetu ilikuwa imejaa watu ambao walisharudi makwao.

Hasira zangu zote na ile Java ziliniisha pale pale. Niliwafikiria wazee wale, kila mmoja na ukungu wake machoni, wanabisha kwa heshima zote na kuondoka bila kumlaumu mtu. Nikalia. Mwenzangu akadhani nimepata msiba.

Dawa yake haikuwa ndefu. Anayepiga hodi aitikiwe papo hapo: Karibu, tuambie jina lako. Aliyenyamaza muda mrefu, chumba chake kifungwe, na akirudi apokelewe upya. Kisha wote waliopiga hodi zamani tukawatumia ujumbe: Karibu, samahani tumechelewa kuitikia. Adhuhuri ikapita mashine haijakokota. Alasiri ikaingia, majina yanamiminika, nayo inakimbia tu.

Simu yangu ikaita. "Wameitikia!" mama anapiga kelele. "Wamesema karibu!"

"Basi ingia, mama. Andika jina."

"Naandika, usinikimbize!"

Nafasi aliipata mkiani kabisa, lakini aliipata.

Siku ya kumbandua bandeji pale Lindi nilikaa mbele yake kitandani, nimemshika mkono. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwambia. Muuguzi akabandua, mama akapepesa, akanitazama kuanzia ushungi hadi kandambili, polepole, kama mtu anayehakikisha mzigo wake haujapungua.

"Hodi," akasema.

Nikainama nilitazame vizuri lile jicho.

"Hodi tena." Akanyoosha mkono wa pili, ukaja moja kwa moja mpaka shavuni kwangu, haukupapasa.

Sikumwacha afike ya tatu. "Karibu, mama," nikasema. "Karibu."