Kugawa kwa Kumi na Moja

Shangazi yangu ni mtu wa maabara, na wenzake kazini humwita Bi Tisa. Nambari za chupa za damu ya wagonjwa pale kwao zina tarakimu nane, na zote hugawanyika kwa tisa. Kiwanda ndicho kinachozipanga hivyo. Akishanakili nambari ya chupa kwenye fomu ya majibu, hujumlisha tarakimu. Jumla ikikubali tisa, anapiga muhuri. Fundi aliyemfunza alimwambia agawe pia kwa kumi na moja, alinganishe mabaki ya chupa na ya fomu. Aligawa mwaka mmoja tu, kisha akajiona anajitesa bure. Ni uvivu, na namsema kwa sababu nampenda.

Asubuhi moja chupa ilisema 57781053, yeye akaandika 57781503 kwenye fomu na kwenye daftari. Jumla ni thelathini na sita kote kuwili. Kundi A, muhuri, fomu ikaenda wodini, ambako majibu hutafutiwa mgonjwa kwa nambari tu.

Saa nane mchana alichukua chupa nyingine kwenye foleni ileile ya asubuhi. Ilikuwa 57781503. Akaipima, ikatoka kundi O. Alipofungua daftari aandike, nambari hiyo ilikuwa imeshajibiwa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

“Niliganda, mwanangu,” aliniambia. “Tarakimu ni zilezile. Uzihamishe utakavyo, tisa haina habari.”

Kumi na moja ingegutuka. Nambari ya kwanza haibakizi kitu, ya pili inabakiza kumi.

Alipiga simu wodini, ikaita weee, hakuna aliyepokea. Mwenye chupa hiyo alikuwa mama aliyejifungua alfajiri na bado anavuja damu, na damu ya A ikimwingia mtu wa O inaweza kumuua. Shangazi ana magoti mabovu, lakini alipanda ghorofa tatu mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Alikuta mfuko umetundikwa, sindano imeshabandikwa plasta mkononi, na muuguzi ameshika kigurudumu cha kufungulia mpira.

“Dada, usifungue,” alisema. “Nimekosea mimi.”

Muuguzi akaondoa mkono. Mgonjwa aliuliza kuna nini, akaambiwa wanabadilisha mfuko tu.

Ungedhani hapo angepumua. Wenzake walimpa kiti na maji, wakamtania kwamba kumbe anaweza kukimbia. Yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu miaka aliyopiga muhuri bila kumi na moja, na ilikuwa sita. Hofu ikamshika upya, mbaya kuliko ile ya kwenye ngazi.

Kesho yake aliomba madaftari ya zamani na mafaili ya wodi yenye stika za nambari za chupa, akaanza kugawa na kulinganisha. Ukurasa wa kwanza ulilingana, wa pili na wa tatu pia. Kwenye wa nne, stika moja ilibakiza mbili, na mwandiko wake ukabakiza saba. Alirudia mara tatu. Kisha akasogeza kidole hadi safu ya mwisho ya faili, ile wodi huijaza mgonjwa anapoondoka, akasoma: amefariki.