Rauta Yenye Antena Nne

Nyumba yetu ya Makandana ina kuta nene za tofali za kuchoma, za kuzuia baridi ya huku kwetu, na niliyeijenga ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nilizilaumu kuta, nikailaumu kampuni ya simu, nikailaumu mvua, nikamlaumu na mke wangu. Kujilaumu mwenyewe sikuwa na desturi hiyo.

Mimi ni mtoto wa soko huria. Nilikulia kijijini Suma, enzi ambazo kupiga simu ni safari: unakwenda mpaka posta mjini, unapanga foleni, halafu unapiga kelele kibandani mpaka waliosimama nje wote wajue nani kafiwa. Kisha milango ikafunguliwa, kampuni zikaja na rangi zao, zikapaka maduka kuanzia stendi mpaka vijijini, na mimi nikawa wa kwanza mtaani kwa kila kilichoingia. Simu ya mkononi, mimi. Dishi la televisheni, mimi. Waifai ya nyumbani, mimi pia, kwa kirauta kidogo kinachotumia laini ya simu, nilichokiweka sebuleni kando ya televisheni ili mgeni akikaa tu akione. Ndiyo, nilikiweka pale kionekane, sasa nifiche nini?

Mwaka ule baba yangu alikuwa anakaa kwetu. Mguu ulimsumbua, na kwangu ni karibu na hospitali. Alishinda sebuleni kutwa, kiti chake karibu na jiko la mkaa. Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani, hawapishani koridoni uso kwa uso. Vijana wengi wa mjini wameyaacha mambo hayo, lakini mke wangu alilelewa Mpuguso na mama aliyeshika mila barabara, naye akashika. Akisikia fimbo ya baba inagonga sakafu, keshajitosa jikoni. Chakula alipika yeye, kukipeleka ni mimi au binti yetu wa darasa la tatu. Ndugu zangu walimsifia sana heshima ile, na mimi kichwa kikavimba, kana kwamba anayejibana jikoni ni mimi.

Mke wangu alikuwa mhudumu wa afya mwenye cheti kidogo, na kwa miaka mingi alitamani asome uuguzi. Safari hii chuo kimoja cha mbali kilimwita kwenye usaili wa mtandaoni, wa picha na sauti, Alhamisi saa nane mchana. Nafasi zilikuwa chache, na umri wake ulikuwa unakimbia. Alinionyesha ujumbe wao kwenye simu.

"Baba watoto," akasema, "mtandao haufiki huku chumbani. Picha inaganda. Na laini yangu ya simu huku bondeni ni ya kupigia tu, intaneti haishiki kabisa."

"Si uje sebuleni?"

Akageuza macho kuelekea sebuleni, ilikokuwa inagonga fimbo ya baba. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa palepale. Mimi nikaona ananinunia.

"Isogeze tu," akasema mwishowe. "Iweke hapa koridoni."

"Koridoni! Rauta ikae koridoni kama ndala?"

"Basi niruhusu siku hiyo niende kwa rafiki yangu, yule ninayefanya naye kazi. Kwake unashika vizuri."

Aka! Hapo ndipo nilipopandisha. Mtu wa kwanza mtaa mzima kuwa na waifai, leo mkewe apite nyumba za watu anaomba mtandao? Watu watasema nini? Nikamwambia tatizo ni kirauta, kimezeeka, nitaleta cha maana, na habari ya kwenda kwa watu nisiisikie tena.

Jumamosi nikaenda Mbeya. Binti wa dukani alikuwa mpole na anaijua kazi yake. Akaniuliza, "Mzee wangu, anayetumia sana mtandao huwa anakaa wapi?"

"Sebuleni, kama watu wote."

"Na rauta ya sasa iko wapi?"

"Hukohuko sebuleni."

"Basi hata hiyo ya zamani ingetosha."

Niliona ananidharau kwa sababu ya koti langu. Nikanyoosha kidole kwenye dude kubwa kuliko yote, jeusi, lina antena nne, nikamwambia afunge.

Nyumbani nililiweka palepale kando ya televisheni. Baba akaligeukia, akalitazama vizuri. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kama vile nimelileta kwa ajili yake. "Lakini hili lina pembe nyingi kuliko beberu wangu." Tukacheka. Nikakaa kwenye kochi na simu yangu nikafungua hiki na kile, kila kitu kinaruka. Chumbani sikwenda kujaribu. Nijaribu nini, antena nne?

Jumatano mke wangu akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba bado picha inaganda. Nikamwambia ni simu yake.

Alhamisi mvua ilianza asubuhi, ile ya kwetu isiyo na haraka. Nilikuwa dukani kwangu, nauza mbegu na mbolea. Saa saba na nusu simu ikaita, ni yeye. "Baba watoto, naomba uje mara moja, umwambie baba…"

"Nina wateja," nikasema, nikakata. Wateja walikuwa wawili, wanajikinga mvua.

Hao wawili walipoondoka ndipo moyo ukaanza kunisuta. Umwambie baba nini? Nikafunga duka, nikarudi nyumbani kwa miguu. Saa nane ilikuwa imeshapita nilipofika, na wa kwanza kumwona alikuwa baba, kasimama kwenye kibaraza cha jirani, ng'ambo ya barabara, koti limelowa, ameegemea fimbo, mguu ule mbovu kauinua kidogo.

"Baba! Unafanya nini huku?"

"Nimempisha mwenzako," akasema. "Nimesikia sauti yake nje ya dirisha, anaongea na wakubwa. Ana kazi. Nikasema nitoke, sebule ibaki wazi, aingie."

"Sasa mbona hujamwambia?"

"Mimi sina mdomo wa kumwambia aingie, mwanangu. Wewe unao."

Nilikimbia. Sebule ilikuwa tupu, kiti cha baba kitupu, mkaa unawaka, na lile dude limesimamisha antena zake linawaka taa zote. Nikavuta pazia. Mke wangu alikuwa amechuchumaa nje chini ya dirisha, kwenye migomba, mwavuli kaukaba kwa bega. Juu kavaa blauzi nyeupe ya kanisani, chini kitenge kimejaa tope. Simu kaiinua juu kuelekea kwenye kioo cha dirisha, na mgongo kaugeuzia sebule ili asije akaonana na mkwewe. Mvua inapiga mabati na majani ya mgomba, na yeye anapaza sauti, "Naam? Samahani, naomba mrudie swali."

Nikasikia sauti ya mwanamume kwenye simu: "Mama, hatukusikii, kelele ni nyingi. Tutakujulisha." Kisha simu ikakatika.

Nikafungua dirisha. "Ingia ndani," nikasema.

"Baba yupo."

"Hayupo. Ametoka."

Akageuka. "Ametoka toka saa ngapi?"

"Toka ulipoanza."

Jamani. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sitaki kuiona tena. Watu wawili, kila mmoja amekwenda kulowa kwa heshima ya mwenzake, katikati kuna chumba kikavu, na mtu pekee aliyeruhusiwa kusema na wote wawili alikuwa dukani anajifanya ana wateja. Sifa za heshima yao nilizila mimi. Kazi yangu ndogo ndani ya heshima ile, ya kupeleka neno upande huu na kulirudisha upande ule, ndiyo iliyonishinda.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipita mlango wa uani, akaenda kuteleka maji ya chai, kwa kuwa baba atakuwa amepatwa na baridi. Mimi nikachukua nyundo, msumari na waya wa umeme. Nikakichukua kile kirauta cha zamani, makusudi, nikakitundika koridoni pale alipopasema yeye. Kazi yote ilichukua dakika kumi. Nikaingia chumbani kwetu, nikakaa kitandani upande wake, nikafungua picha za video. Hazikuganda hata moja.

Jumapili kanisani watu wakauliza usaili umekwendaje. Nikadakia mimi, "Mtandao wa huku kwetu, jamani, mnaujua." Wakatikisa vichwa, wakanipa pole. Mimi! Na nikazipokea, na yeye amesimama pembeni yangu na kikohozi alichokipata kwenye migomba, anasikiliza kila neno.

Baada ya wiki mbili jibu lilikuja. Alikuwa chumbani, nami nimesimama mlangoni. Hakuchaguliwa, anaruhusiwa kuomba tena mwakani. Akasoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi juu ya shuka.

"Mwakani," akasema, "kabla hujanunua kitu, niulize."

Nikasema, "Sawa." Hata samahani sikuisema. Nilisema sawa, kama mtu aliyeagizwa chumvi.