Jiko la Milango Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa nyumba, mama mmoja mnyoofu mwenye sauti ya chini, alinionyesha milango miwili jikoni iliyofuatana, katikati yake kichumba chenye meza. "Chakula unaweka hapa, unafunga mlango wako, unagonga kengele. Wao watafungua wa kwao." Hao wao walikuwa wanaume walioishi upande wa pili wa ukuta. Niliwapikia miaka mingi bila kumwona hata mmoja akila. Nilijua tu kwamba kuna asiyependa bamia, maana sahani moja ilirudi kila mara bamia zimesogezwa pembeni.

Nyumba ilikuwa Nyegezi, mali ya shirika la walei, yaani Wakatoliki wasio mapadre wala watawa. Walifanya kazi zao mjini kama watu wengine, ila wengi waliahidi useja na kuishi pamoja. Mimi sikuwa mwanachama. Niliajiriwa kupika na kufundisha wasichana upishi na kazi za nyumba.

Ninyi mnaosomea hoteli leo mngecheka ukali wetu. Kitambaa cha meza kilipigwa pasi kikiwa na unyevu, kisu kikae upande wa kulia, makali yakitazama sahani. Tulifua pia korporale, kile kitambaa cheupe kinachotandikwa altareni chini ya kikombe. Maji yake ya kwanza hayamwagwi kwenye bomba la maji taka. Humwagwa ardhini, isije ikawa kuna chembe ya Ekaristi. Hilo nalipenda mpaka leo.

Mjini maneno yalikuwa mengi. Jirani zangu wa Igoma waliniuliza kama ni kweli wanajichapa viboko kwa toba, kama ni kweli wanaiba binti za watu. Paroko wangu aliwasifu kwa sala. Padre mwingine alisema wanajifungia mno. Mimi kwa udadisi sijambo, nikamuuliza Mkurugenzi mwenyewe. "Mama Editha, huo ni wivu wa watu," akasema. Nililiona jibu fupi mno.

Ndipo akaja Lukresia, binti wa Ukerewe, kwa mafunzo ya miaka miwili. Mama yake alikuwa na mgahawa karibu na gati la Nansio, akimsubiri arudi waendeshe pamoja. Siku moja tukipiga pasi, Lukresia akaniambia ameona wito: kubaki kwenye nyumba za shirika maisha yake yote, kuwapikia na kuwafulia wanachama, bila kuolewa.

"Mama anajua?"

"Bado, mwalimu. Nimeshauriwa nisimwambie kwanza, asije akanivuruga."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Hakukasirika. "Ni mtu mzima, ana miaka kumi na tisa. Mzazi akikuuliza, mlete kwangu."

Mzazi alikuja na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mkurugenzi alikuwa ametoka. Mama yule akasimama mlango wa nyuma wa jiko, amevua viatu kwa heshima. "Dada, mwanangu simwelewi kwenye simu. Kuna nini?"

Mimi nikajibu, "Hana neno. Akimaliza mafunzo atarudi."

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Niliogopa kazi yangu, na pia nilijiambia huenda binti atabadili mawazo. Mama yule akarudi kwao, akaita fundi, akaongeza chumba cha mgahawa. Binti hakurudi.

Nilifanya kazi na Lukresia miaka saba zaidi, nikimchunguza kama daktari. Je, ana furaha? Alicheka, alisali, alisimama mpaka miguu ikavimba. Mara moja nikamuuliza kama angeanza upya angefanya vilevile. "Ndiyo," akasema, "ila ningemwambia mama siku ileile." Nikainamia sufuria yangu, kwa aibu.

Sasa nimestaafu. Juzijuzi, malalamiko yalipozidi, jimbo la Kanisa liliteua watu wa kusikiliza familia na sisi tuliofanya kazi kule. Padre aliyeandika maelezo akaniuliza, "Alilazimishwa?" Nikasema hapana, kwa kadiri nilivyoona. "Alidanganywa?" Nikamwambia, "Yeye sijui, baba. Mama yake ndiyo, na aliyemdanganya ni mimi."

Kesho yake nikapanda meli ya Nansio. Nilimkuta mama yake Lukresia mgahawani, anachambua mchele. Nikamweleza yote, bila kujitetea. Akanivutia kiti. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Badala yake akauliza habari za miguu ya mwanawe, akauliza kama anakula vizuri. Hayo niliweza kujibu, tena kwa kirefu.

"Na kuimba je, bado anaimba? Hapa alikuwa akikoroga uji, wateja wanamwomba apunguze sauti."

Nikamtazama yule mama. Miaka tisa jikoni, bega kwa bega na binti yake, na sikuwahi kumsikia akiimba.