Niliuza timu ya Ligi Kuu kwa ng'ombe, nikidhani ninaozesha binti

Wakuu, kama ningeruhusiwa kuirudia siku moja tu katika maisha yangu, ningeirudia ile Jumamosi ambayo mgeni alikaa sebuleni kwangu Nyamwaga akasema anataka kununua timu.

Ningemjibu, "Subiri binti yangu arudi."

Sikumjibu hivyo. Nilimwambia, "Leta ng'ombe tuwaone."

Nawasalimu wote humu. Walionizidi umri shikamoo, ingawa sidhani kama mpo wengi. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha, na aliyenunua simtaji kabisa kwa sababu hakuniibia. Mtaona wenyewe mbele.

Kilichonifanya niandike ni ule uzi wa juzi kuhusu timu zenye thamani kubwa duniani. Niliona vijana mnarushiana maneno. Mmoja anauliza inakuwaje timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu, mchezo ambao hapa kwetu hata sheria zake hatuzijui, iwe ghali kuliko timu za Ulaya zenye mashabiki mpaka huku kwetu Sirari. Mwingine akamjibu kwamba hizo ni sifa za Wamarekani tu.

Nilisoma ule uzi mpaka mwisho bila kuchangia. Jibu nilikuwa nalo, lakini nililipata kwa njia mbaya.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata mafunzo ya mifugo, nikazunguka majosho ya Tarime na Serengeti mpaka magoti yakachoka. Huku kwetu familia ikitaka kupokea mahari huniita nikague ng'ombe. Nikimfungua mdomo nikaangalia meno, nikampapasa mgongoni, nakwambia umri wake na kama ana ugonjwa ambao mwenye naye anauficha.

Kwa hiyo mambo ya thamani nilijiona nayajua.

Binti yangu Bhoke ni mwalimu wa sekondari. Alianzisha timu ya wasichana kwenye uwanja wa shule ya msingi, ule wenye mteremko, ambao mpira ukipigwa upande wa chini unaufuata kwenye migomba ya watu. Mpira wa kwanza aliununua mama yake, Wankuru, ambaye alikuwa anauza ndizi soko la Tarime. Mke wangu ndiye aliyekuwa anawapikia wasichana uji wakitoka mazoezini. Alipofariki, wao wenyewe wakaipa timu jina la Wankuru Queens.

Mwanzoni mimi nilidharau. Niliona ni mchezo wa kupoteza muda.

Wakachukua ubingwa wa wilaya. Wakachukua mkoa. Wakapanda daraja, wakapanda tena. Wazee waliokuwa wanasema msichana anayecheza mpira hataolewa, sasa wanasimama pembeni ya uwanja na fimbo zao wanabishana na mshika kibendera.

Usajili ulipohitaji wadhamini wa klabu, yaani wanaoandikwa kama wenye timu, Bhoke akapendekeza aingie yeye na nahodha wake, msichana anaitwa Robi. Nikamwambia, "Mama, mambo ya kusaini ni ya wazee. Nyie chezeni."

Tukaingia mimi, mdogo wangu Chacha, na rafiki yetu Marwa mwenye duka la pembejeo. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa wazee watatu tusiojua tulichoshika.

Mwaka ule timu ikapanda Ligi Kuu ya wanawake. Nyamwaga ilisherehekea kama harusi. Baada ya sherehe ndipo tukaona mzigo. Mechi za ugenini zipo mikoa ya mbali, kuna basi, kuna malazi, kuna daktari wa timu, na ule uwanja wa mteremko haukubaliki. Bhoke akaenda Mwanza kwenye kozi ya ukocha, na hapohapo atafute mtu wa kutushika mkono. Akiwa anapanda gari aliniambia, "Baba, mtu yeyote akija kuhusu timu, mwambie nakuja."

Mgeni akaja yeye akiwa hayupo.

Ni mfanyabiashara wa mkoa mwingine, mtu wa makamo, ana adabu. Alitoa shikamoo kwa kila mzee, akakaa, akasema amekuja kununua timu. Kisha Chacha, ambaye hawezi kukaa bila utani, akasema, "Mura, timu si gunia la mahindi. Huyu ni binti yetu. Huku binti anatolewa ng'ombe."

Tukacheka. Mgeni naye akacheka. "Basi wazee wangu, mimi ni mkwe. Nitajieni mahari."

"Mkwe gani huyu anakuja mikono mitupu?" Marwa akamchokoza. "Hata soda hatujaiona!"

Dereva akatumwa, kreti ikaja. Ule utani ndio ulioniangusha, wakuu, kwa sababu kuanzia hapo hatukuwa tunauza tena. Tulikuwa kwenye kikao cha mahari, na kikao cha mahari ninakijua.

Tukatoka nje kushauriana. Tukapiga hesabu ya tulivyonavyo: jezi, mipira, koni, nyavu za magoli, masufuria ya uji. Wachezaji hatukuwaweka kwenye hesabu kwa sababu ni watoto wetu, hawana bei. Marwa akasema ng'ombe kumi tu vyote vinalipika. Chacha akasema tutaje thelathini, mkwe ashuke mwenyewe mpaka tukutane katikati.

Tukarudi ndani tukataja thelathini.

Akasema, "Sawa."

Nimekaa kwenye vikao vya mahari tangu ujana wangu. Sijawahi kuona mkwe asiyeomba kupunguziwa. Pale ndipo nilipotakiwa kusimama, niende nje, nimpigie Bhoke. Nikamwangalia Chacha, Chacha akanikonyeza kwamba tumempiga.

Nikaweka masharti mawili. Jina la Wankuru libaki, na timu ije kusalimia nyumbani, icheze hapa mechi moja kila msimu. Mgeni akasema hakuna shida. Hatukuandika. Hapa naomba mnielewe, kwa sababu wengi wataniona mjinga. Kwetu binti akiolewa hakuna anayeandika kwamba atakuja kusalimia. Atakuja tu. Akijifungua mnapelekewa habari, wajukuu wanajua kwa babu. Ng'ombe hawakati udugu, wanauanzisha. Mimi nilisaini karatasi za kuhamisha umiliki huku moyoni najua tumepata mkwe.

Ng'ombe walinunuliwa mnadani wakaletwa. Nikawakagua mmoja mmoja mbele ya watu. Mmoja nikamkataa, jicho lilikuwa na ukungu. "Huyu rudisha." Akarudishwa, akaletwa mwingine. Vijana wakanisifu kwamba mzee bado yumo.

Niliangalia meno ya ng'ombe wote wale, na sikuuliza swali hata moja kuhusu ligi.

Bhoke alirudi Jumatano. Akakuta zizi limejaa.

"Baba, hawa ng'ombe wa nani?"

"Wa timu. Tumeozesha."

Alicheka, alidhani ni utani wa baba yake mdogo. Alipoona mimi sicheki, akaweka begi chini. Akaniambia amepata mtu wa kutupa basi msimu mzima, na shule moja ya Tarime mjini imekubali uwanja wake utumike. Alikuwa amekuja kutupa hiyo habari.

Nikageuka kuwaangalia ng'ombe.

Akasema, "Hata binti anayeolewa anaulizwa, baba. Sisi ametuuliza nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosa. Badala yake nilimjibu, "Wewe ni kocha. Wenye timu ni wadhamini." Ni kweli kisheria. Ni maneno ambayo nikiyakumbuka nikiwa shambani huwa nasimamisha jembe.

Mnunuzi alichukua wasichana wanne. Waliobaki wakatawanyika. Robi, nahodha, sasa anaendesha mashine ya kusaga hapa jirani, Kemambo. Nikipeleka mahindi ananisalimia vizuri, ananisagia, hazungumzi zaidi.

Ligi ilipoanza nilikwenda Tarime mjini nikakaa kwenye hoteli yenye televisheni. Timu ikatokea, nikaitambua kwa wale wasichana wetu wanne. Jina jipya, rangi mpya, mji mpya. Nikawaambia waliokaa karibu kwamba ile ni timu yetu. Dereva mmoja wa bodaboda akaniangalia, "Mzee, ya kwenu wapi? Si imeandikwa ya kwao?" Meza nzima wakacheka.

Nikapanda basi nikamfuata mkwe.

Alinipokea vizuri mno. Akanilisha, akanilaza pazuri. Nikamkumbusha masharti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza baba yake.

"Mzee wangu, mimi sikununua jina. Hata wachezaji sikununua, wachezaji wanapatikana. Nilinunua nafasi. Ligi Kuu ina viti vyake, vikijaa vimejaa. Kuanza chini mpaka nifike kungenichukua miaka, na ningeweza nisifike kabisa. Nyinyi mlikuwa mmekalia kiti. Makampuni yenye fedha na televisheni wanamfuata aliyekaa kwenye kiti."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Hamkuniuliza. Nilijiandaa kubishana bei mara kadhaa ya ile. Mlivyotaja ng'ombe, nikakubali."

Asubuhi akaniletea gunia. Ndani zilikuwamo jezi zetu, mipira, koni na nyavu, vilevile tulivyovifunga. Alisema hakuwahi kulifungua, vinachukua nafasi stoo. Yaani vyote tulivyokaa nje tukavipigia hesabu, kwake havikuwa na thamani hata ya kufungua kamba.

Nililibeba gunia lile mpaka nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nasoma mambo haya, polepole, kwa simu. Na ndiyo maana nawajibu nyie wa ule uzi. Kule Marekani timu haishuki daraja. Ligi yao ina viti vichache, mtu hawezi kuunda timu yake kijijini akapanda mpaka juu. Fedha za televisheni wanagawana, na mishahara wameiwekea kikomo. Kwa hiyo hata timu inayofungwa kila wiki mwenye nayo analala usingizi. Tajiri akitaka kuingia lazima amtoe aliyekaa, au walio ndani wakubali kuongeza kiti.

Ulaya unaweza kuwa na mashabiki dunia nzima, lakini misimu michache mibaya unajikuta chini, na mapato yanashuka na wewe. Mnunuzi anaiweka hiyo hofu kwenye bei. Ndiyo maana mchezo unaopendwa na watu wengi zaidi si lazima uwe na timu ghali zaidi. Wanaolipa hawalipii mabao tu, wanalipia uhakika wa kuwepo mwakani.

Kwetu kiti kinapatikana kwa miguu. Wasichana wa Nyamwaga walikipata wakikimbia kwenye mteremko. Mimi nikakitoa bila kujua kwamba kipo.

Sasa sikilizeni ninachofanya, maana sijaandika hapa ili nionewe huruma.

Wale ng'ombe, Chacha na Marwa walishagawana wa kwao. Wa kwangu waliobaki ninauza. Nimesajili timu mpya ya wasichana, ligi ya wilaya, chini kabisa. Tunafanya mazoezi Kemambo, kiwanja tumekisawazisha kwa majembe, na nyavu za lile gunia zipo golini. Wadhamini wa klabu safari hii ni kocha wa timu hii mpya, nahodha wake na mzazi mmoja mwanamke. Jina langu halimo popote. Tumeandika kwenye katiba kwamba nafasi ya timu kwenye ligi haiwezi kuhamishwa mpaka wachezaji wenyewe wakae wapige kura.

Nina umri ambao huenda sitaiona ikipanda. Hilo halinizuii kuamka alfajiri kwenda kuchora mistari kwa chokaa. Nitaichora mpaka mkono ukatae.

Nyie mlio viongozi wa timu za mitaani, za wilaya, hata za mikoa: kabla hamjakaa na mnunuzi, jiulizeni ananunua nini hasa, kwa sababu huenda si kile mnachokihesabu. Masharti yote yaandikwe, hata yale mnayoyaona ni aibu kuyaandika. Na aliyeijenga timu awepo kwenye kikao. Kama hayupo, kikao kisubiri.

Wanasheria wa humu, naomba mnisaidie kama kile kifungu cha katiba kinaweza kusimama mahakamani. Wenye uzoefu wa kuendesha timu za wasichana, karibuni mnielekeze. Na anayetaka kunisema, aniseme, nitasoma yote.

Namalizia na jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Bhoke aliomba uhamisho, akapangiwa Serengeti, anafundisha Mugumu. Mwaka jana aliolewa. Habari niliipata kwa mtu aliyekuwa amealikwa. Kwenye kikao aliyekaa mahali pa baba ni mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, kwa sababu yeye mwenyewe Bhoke alisema hataki nikae mimi. Ana mtoto sasa. Sijamwona. Nikipiga simu anapokea, ananipa shikamoo, anauliza afya yangu, kisha anasema ana kipindi darasani.

Nilifikiri nimeuza jezi na mipira. Uamuzi ule ulinigharimu binti yangu.