Sikio la Kushoto

Kwa miaka mitatu sikio langu la kushoto halikuwa langu. Lilikuwa la kompyuta. Humo niliingiza kisikizi kidogo cha redio, na ndani yake ikazungumza ile programu inayotusomea sisi vipofu yaliyo kwenye skrini: sauti ya mwanamume Mzungu mwenye pua iliyoziba, asiyechoka wala kukohoa. Sikio la kulia nililivika upande mmoja wa hedifoni kubwa, na huo ndio uliokuwa upande wa muziki. Upande wa pili wa hedifoni niliusukuma nyuma ya sikio, ukakaa pale bure.

Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma huko Muthangari, katika boma la familia moja ya Kihindi. Asubuhi nilisikia gari la baba likitoka, halafu la mama, halafu geti likifungwa, basi. Jumapili nilichukuliwa kwenda kupigia kinanda kwaya moja ya Dagoretti, na huko kulikuwa na watu, mikono ya kushika na chai. Siku sita zilizobaki zilikuwa zangu na Mzungu wangu.

Kazi niliyoipenda ilikuwa ya sinthesaiza, lakini si zile za kubebwa. Hizi ni vinanda vinavyoishi ndani ya kompyuta. Unafungua programu ya kurekodi, unaita kinanda, unapata filimbi, nyuzi, kengele, hata sauti ambazo hazina jina. Shida ni kwamba waliovitengeneza waliwafikiria wenye macho tu. Dirisha la kinanda ni picha tupu. Mzungu wangu, hodari wa kusoma barua na menyu, akifika pale alitaja jina la dirisha na kunyamaza kama mtu aliyefiwa. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Sisi wengine hata kuambiwa hatuambiwi.

Dada yangu ndiye aliyenifungulia njia. Alikuja kutoka Kakamega kwa wiki moja, akaketi kando yangu alasiri nzima akinieleza kilichochorwa: hapa kuna kitufe cha kuzungusha, chini yake vingine vinne, pale kuna waya, sijui za nini. Mimi nilikuwa nikipiga nukta za Breli kwenye karatasi nzito. Kutoka pembe ya juu kushoto, hatua kumi na nne kulia, sita chini, ndipo penye kitufe cha kung'arisha sauti. Hatua zenyewe nilizipiga kwa kibodi, moja moja, nikisogeza kishale nisichokiona. Dada aliporudi kwake nilibaki na karatasi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini changu kilijaribu kila siku.

Basi ile kwaya ikataka kurekodi. Walikuwa wamempata mtu mwenye studio mjini, orofa ya tatu, River Road, wakamwambia muziki nitautengeneza mimi. Yule bwana alinipigia simu. Alisema nitengeneze wimbo mmoja kwanza, niulete, na akiupenda kuna nafasi ya mpiga kinanda pale pale studio, kila siku. Sikuuliza mshahara. Nyuma yake nilisikia watu wakibishana juu ya mpira, mtu akijaribu gitaa la besi, kikombe kikiwekwa mezani, na nikaitaka nafasi ile kama mtoto anavyotaka kubebwa. Nilitaka kuketi mahali ambapo mtu angeweza kuniuliza kama nimekula.

Nilifanya kazi wiki mbili. Kinanda kimoja kilinipa kengele nyororo ya kufungulia ubeti, ila ilikuwa butu kidogo, nikataka kuing'arisha. Nikahesabu hatua zangu, nikakamata kitufe, nikapandisha. Sikusikia mabadiliko. Nikapandisha tena, mpaka mwisho, bado. Nikadhani kinanda kimeamua kunitesa, nikakitukana kidogo, nikaendelea na ngoma.

Sasa hapa niseme ukweli. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa kwamba kazi ikiisha ninamnyamazisha Mzungu, ninavaa hedifoni masikio yote mawili, na ninasikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Zamani niliifuata. Baadaye nikaiacha, nikijidanganya kwamba ninaokoa muda. Haukuwa muda. Nikimnyamazisha yeye, chumba hakikuwa na mtu, na wimbo ukiisha ule ukimya ulinikalia kifuani. Sikuuweza. Afadhali anisomee saa. Afadhali anitajie faili lile lile mara mia. Kwa hiyo nilichoma CD bila kusikiliza upande wa kushoto, nikaipeleka mjini.

Studio niliwakuta wawili, mwenyewe na mpiga besi. Mwenyewe aliniongoza mpaka kwenye kiti, akatia CD. Wimbo ukaanza, na kutoka spika ya kushoto ikaja kengele juu ya kengele, mwangwi unaorudi na kurudi, ukikanyaga ngoma, ukikanyaga gitaa, kama shule nzima imepewa kengele ya mapumziko. Mwangwi ule sikuwa nimewahi kuusikia. Nikaelewa papo hapo: dirisha lilikuwa limefunguka limesogea kidogo, hatua zangu zikaangukia kitufe cha jirani, cha mwangwi, na mwangwi wenyewe ulikuwa umepangwa kutokea kushoto.

"Hii kengele ni style?" mwenye studio aliuliza, kwa upole.

Ningeweza kusema ndiyo. Kiburi ninacho cha kutosha. Lakini niliwaeleza habari ya masikio, la kompyuta na la muziki, ila ile ya ukimya sikuitaja.

"Kwa hivyo hii sikio moja imeoa," mpiga besi akasema, "hiyo ingine ndio bado single."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Sijui mara ya mwisho nilicheka na mtu siku isiyo Jumapili ilikuwa lini.

Sauti zote, kila moja kwenye faili lake, nilikuwa nimezitia kwenye ile CD, kwa hiyo tukaanza kuurekebisha wimbo pale pale. Kompyuta ya studio haikuwa na programu ya kusoma. Kwangu lilikuwa sanduku tu. Mwenye studio akashika kipanya, nami nikawa ninamwelekeza. Punguza hicho. Si hicho, cha juu yake. Alikosea mara nyingi, na kila akikosea alinisimulia kitu, habari za wanawe, habari za kondakta wa matatu aliyemtapeli. Mpiga besi alileta samosa akaniwekea mkononi bila kuniuliza. Tulipomaliza kengele tukagusa nyuzi, tukagusa besi, vitu ambavyo havikuwa na kasoro hata kidogo. Nilikuwa na furaha, na nilijua ni furaha wakati ule ule.

Wimbo ulipochezwa mara ya mwisho, mwenye studio alinipiga begani. Alisema muziki ni safi na kwaya italia machozi. Kazi ni yangu, nyimbo zote za kwaya, na nyingine zikija.

"Lakini boss, hapa tumechukua masaa mawili kwa kitu ya dakika kumi," alisema. "Mimi ndio nakuchelewesha. Wewe ukiwa kwako, na hiyo mashine yako inaongea, hakuna mtu anakushika. Fanyia tu home. Nitakuwa natuma mtu anachukua CD kwa gate, usijisumbue kuja huku tao."

Ningeweza kumwomba tuiweke ile programu ya kusoma pale studio. Lakini alikuwa amesema kwa heshima, na hakukosea. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu vile. Nikamshukuru, nikasema ni mpango mzuri. Sikumwambia kwamba yale masaa mawili ndiyo kazi niliyokuwa nimekuja kuiomba.